Malka Hirbo Haifai

Pale Wabera, mjini Isiolo, kwenye kona ya barabara inayoshuka kutoka msikitini, kulikuwa na benchi ambalo zamani lilikuwa ubavu wa lori. Lori lilikufa njia ya Merti, mbao zikarudi mjini, na Molu muuza kahawa akazipigilia miguu. Mwaka ule wa themanini na nne mvua ya masika ilikuwa imekataa katakata, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, na wenye kazi na wasio na kazi wote walikuwa wakiishia hapo hapo, kunywa kahawa ya tangawizi na kuendesha serikali. Kila mmoja alikuwa na jina lake la benchini. Lile la kupewa na wazazi alilitumia nyumbani na kwa chifu. Asubuhi hiyo walifika mapema kuliko kawaida, kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa amejichongea mwenyewe, nao hawakutaka kupitwa.

Huyo mwenzao ni Guleid, ambaye benchini aliitwa Sajini. Hakuwahi kuwa askari, hata wa soko. Babu yake ndiye aliyempigania Mwingereza, akaachwa Isiolo na ruhusa ya mdomo ya kulisha ng'ombe wake penye nyasi, na cheo kikashuka mpaka kwa mjukuu bila mshahara. Kila kiangazi ng'ombe wa Guleid walikwenda Malka Hirbo, kivuko cha mto nyuma ya vilima, pamoja na mkewe Sirad, ambaye aliwakamua na kuleta maziwa sokoni. Kwingine kote kukishabaki mawe na upepo, pale mto unapojikunja nyasi bado zipo. Sasa kulikuwa na mtu mwenye mpango wa kulima vitunguu pale pale, kwa maji yale yale. Kabla ya kuamua, ofisi ya serikali ilimtuma kijana mmoja, Gerishon, apime faida ya ile ardhi ikiachwa malisho na faida yake ikilimwa. Kijana akamfuata Guleid kumuuliza kuhusu malisho. Guleid akamwambia Malka Hirbo haifai.

— Rudia tena, alisema Waweru. Sema vile ulimwambia. Pole pole.

Waweru ndiye Mizani. Alikuwa na duka la unga na sukari ng'ambo ya barabara, na hata salamu alikuwa akiipima kwanza kabla ya kuipokea.

— Nimemwambia hiyo mahali ni kupe tupu.

— Tena?

— Maji iko na chumvi.

— Iko na chumvi?

— Hapana. Ni tamu.

— Tena?

— Nikamwambia simba imemaliza ng'ombe, na hizo zimebaki zote zinakohoa.

— Sajini, kwani wewe ulikuwa unataka nini?

— Nilitaka aende!

Hakuna aliyecheka, maana hapo hapakuwa na mtu ambaye asingefanya vile vile. Isiolo, mtu wa serikali akikuuliza una nini, unamwonyesha mbuzi mgonjwa. Baba zao walikusanya ng'ombe wakahesabiwa, na waliohesabiwa wakaondoka: mara kodi, mara faini, mara mnada wa lazima. Na hata serikali isingekuwepo, ng'ombe mzuri hasifiwi mbele ya mgeni, kijicho kisije kikampata. Guleid alijifunza haya kabla hajajua kusali. Waweru naye, ambaye si mfugaji, akitembelewa na mtu wa ushuru husema duka linakufa, na duka limekuwa likifa hivyo tangu uhuru.

— Lakini huyu kijana si wa kodi, alisema Ahmednur. Huyu ni wa kupima faida. Mambo ya kisasa.

Ahmednur aliitwa BBC, kwa kuwa alasiri zote aliishi na redio sikioni, na asubuhi alikuja benchini kuitapika.

— Ukimwambia haifai, anaandika haifai, aliendelea. Kitunguu inasema inafaa. Kitunguu inashinda.

— Kitunguu haijasema kitu, alisema Molu, akimimina.

— Mwenye kitunguu amesema!

Guleid alishika kikombe lakini hakunywa.

— Anapita hapa leo, alisema. Nimetuma mtu amwombe. Anaenda Nairobi na hiyo maneno yangu kwa gari. Asiposikia ingine, Sirad anafukuzwa huko na ng'ombe zake, na jua ndiyo hii mnaona. Niambieni. Nikiulizwa Malka Hirbo ni kiasi gani, nitasema nini?

Aliogopa, na hakujisumbua kuficha. Nyasi zikichukuliwa, ng'ombe wangekufa. Ng'ombe wakifa, yeye angebaki mtu wa benchi kutwa, na Sirad angekosa hata kibuyu cha kuosha. Wenzake waliliona hilo, na kwa huruma yote waliyokuwa nayo wakaanza kumchanganya.

— Hii ni maneno ya mizani tu, alisema Waweru. Chukua ng'ombe imekonda. Pima. Peleka Malka Hirbo, ikule mpaka ishibe. Rudisha, pima tena. Ile imeongezeka, hiyo ndiyo Malka Hirbo.

— Na maji imekunywa? aliuliza Ahmednur.

— Unatoa maji.

— Na mavi?

— Mavi imebaki huko.

— Basi lazima uongeze mavi. Mavi ni mbolea. Hata hiyo kitunguu inataka mbolea.

— Sawa, naongeza mavi.

— Lakini mavi ilikuwa nyasi. Na nyasi umeshahesabu ndani ya ng'ombe.

Waweru aliinua mikono, ng'ombe upande wa kulia na mavi upande wa kushoto, akahesabu kwa vidole akielekea katikati. Mikono ilipokutana alibaki akiitazama.

— Na ng'ombe ikizaa huko huko? aliuliza Molu.

— Molu, usiniharibie hesabu!

— Mimi nauliza tu. Ndama ni nyasi ama ni ng'ombe?

Hapo Lochoro alikohoa, dalili kwamba zamu yake imefika. Lochoro alikuwa Mturkana wa Ngaremara, aliyewahi kuwa askari wa wanyama pori akaachishwa kazi, lakini sweta ya kijani hakuirudisha. Benchini aliitwa Geim, jina la idara yake ya zamani.

— Nyinyi mnapima ng'ombe, alisema. Pimeni simba.

— Simba inaingia wapi?

— Mzungu anatoka kwao na ndege. Analipa hoteli. Analipa gari. Analipa mlango wa kuingia. Anataka kuona nini?

— Simba.

— Simba iko namna gani?

— Imenona.

— Imenoneshwa na nani?

Watu walitazamana.

— Na Sajini! alisema Lochoro. Mimi nimelinda hizo simba miaka mingi, nazijua. Kiangazi swara inakonda, simba inatoka usiku, inaenda Malka Hirbo, inakula ng'ombe ya Sajini, inarudi kulala mbele ya Mzungu. Sasa ile picha inapigwa huko Ulaya ni ya nini? Ni ya nyasi ya Malka Hirbo, imepita kwa ng'ombe, imeingia kwa simba.

— Ngai! alisema Waweru. Hiyo ni kweli kabisa.

— Kwa hivyo Sajini anatakiwa kulipwa kwa kila picha.

Guleid alihisi joto la matumaini, kisha akakumbuka jambo.

— Lakini nimemwambia simba imemaliza ng'ombe zangu, kwa kulalamika.

— Sasa mwambie tena kwa kujisifu.

— Hiyo ni kidogo, alisema Ahmednur, ambaye hakupenda mtu mwingine alete habari za Ulaya. Nyinyi hamsikilizi dunia. Huko Uswisi sasa hewa ndiyo inauzwa.

— Hewa gani?

— Hewa! Hii! alisema, akaivuta puani mbele yao. Mgonjwa wa kifua anapelekwa mlimani, anakaa kwa kiti, anapumua, jioni anapewa bili. Sasa Malka Hirbo upepo inapita juu ya mto, inapoa, inakuja hapa Wabera. Sisi wote tunapumua bure tangu tuzaliwe. Gerishon ahesabu pua za Isiolo.

— Na wale wa mafua?

— Nusu.

— Mimi pua yangu sitaki ihesabiwe, alisema Molu. Ikishahesabiwa, kesho nitaambiwa nilipe.

Molu hakuwa na jina la utani, kwa kuwa kahawa ilikuwa yake na hakuna aliyethubutu. Alikuwa Mborana mwenye sauti ndogo, na alipoongea watu walisogea. Sasa aliweka birika chini kabisa.

— Mnatafuta mbali, alisema. Hapa nani hajakunywa maziwa ya Sirad?

Aliwapitia kwa macho, mmoja mmoja.

— BBC, wewe ulilelewa na maziwa ya ng'ombe za mama yake Guleid, mama yako alikuwa mgonjwa. Mizani, watoto wako wote. Geim, hiyo mguu yako ilivunjika, ulikunywa nini mpaka ikashika? Basi hiyo nyasi iko wapi sasa? Iko ndani ya mifupa. Malka Hirbo ni sisi. Tupimwe sisi.

Jambo lilionekana kubwa na la kweli, na kila mmoja alijigusa mahali fulani, paja au kidevu.

— Kwa hivyo, alisema Waweru taratibu, kitunguu ikipandwa huko, inapandwa juu yangu?

— Ndiyo.

— Na wakiuza Malka Hirbo, wameniuza?

— Mguu tu, alisema Ahmednur. Wewe umekula ugali zaidi.

— Na mimi nikienda kuishi Mombasa, Malka Hirbo iko Mombasa?

Molu alichukua birika lake akaanza kumimina. Guleid alishika kichwa. Alikuwa amekuja na swali moja, na sasa alikuwa na ng'ombe wa kupimwa bila mavi au pamoja na mavi, simba wa picha, pua za mji mzima na mguu wa Lochoro. Alijaribu kuviweka kwenye foleni ndani ya kichwa avitoe kimoja kimoja mbele ya Gerishon, na kila alipomweka simba mbele, ng'ombe walikimbia.

— Ngojeni, alisema Waweru ghafla, uso umebadilika. Tumekosea sote.

— Namna gani?

— Sajini akiisifu sana, wakubwa watasikia. Mtu wa kitunguu ni mtu mdogo. Lakini ikisemekana kuna mahali Isiolo iko na maji tamu, nyasi, simba ya picha na hewa ya Uswisi, nani atamwachia Sajini? Kesho utaona senyenge na geti.

Hili liliwaingia wote. Ahmednur alitazama barabarani kama geti limeshafika.

— Kwa hivyo nikisema mbaya, kitunguu inachukua, alisema Guleid.

— Ndiyo.

— Nikisema nzuri, mkubwa anachukua.

— Ndiyo.

— Wallahi, sasa niseme nini?

— Sema nzuri kidogo, alisema Molu.

— Kidogo namna gani?

— Nzuri ya kutosha wewe. Isitoshe mtu mwingine.

Wakaona afadhali wafanye mazoezi. Waweru akawa Gerishon: alisimama, akavuta suruali juu ya kitambi, akashika kibiriti kama kalamu.

— Habari, mzee. Malka Hirbo ikoje?

— Nzuri, alisema Guleid, kisha haraka akaongeza: lakini si sana.

— Nyasi iko?

— Iko. Mashallah. Lakini iko na miiba.

— Miiba ni ya nini tena! alipiga kelele Lochoro.

— Imenitoka tu.

— Ng'ombe zinapata maziwa?

— Zinapata. Kidogo. Zingine hapana. Kuna moja inakohoa.

— Sajini!

— Siwezi! alisema Guleid, na jasho lilikuwa limemtoka kweli. Mdomo inakataa. Mimi sijawahi sifu kitu yangu mbele ya mtu. Hata mtoto akizaliwa tunasema ameharibika sura. Nikisifu hiyo mahali halafu ng'ombe zianze kufa, Sirad ataniuliza nilisema nini mjini.

Hakuwa akifanya mzaha, na hakuna aliyemzoma. Waweru aliketi polepole, akarudisha kibiriti mfukoni.

Gari la ofisi lilitokea upande wa Bulapesa likiburuta vumbi lake. Gerishon alishuka, kijana wa Kimeru mwembamba mwenye soksi ndefu, amebana ubao wa karatasi kwapani. Aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, na Molu akamwekea kikombe bila kuulizwa.

— Mzee Guleid, niliambiwa unanitaka.

Guleid alisimama. Kila alichofundishwa asubuhi ile kilimkimbia, simba na pua zote, akabaki peke yake na Malka Hirbo.

— Bwana Gerishon, mimi nilikudanganya, alisema. Kupe si nyingi. Maji ni tamu. Ng'ombe hazikohoi. Mwaka kama huu, huku kote hakuna kitu, huko nyasi iko mpaka hapa.

Aliinama kugusa goti lake. Ahmednur alisema mashallah kwa niaba yake.

— Ukiona ng'ombe Isiolo imepita kiangazi, imepita huko. Si yangu tu. Waborana wanakuja, Waturkana wanakuja, hata jamaa ya Merti wakizidiwa wanakuja, na hatumkatazi mtu. Nilisema haifai kwa sababu tumezoea kusema hivyo. Sasa nimesema ukweli, na naogopa.

Gerishon hakukasirika. Alitazama soksi zake, kisha akatabasamu kidogo.

— Baba yangu kule Meru ana shamba la kahawa, alisema. Mtu wa ofisi akija, anamwonyesha ile miti imekufa. Ninajua.

— Basi andika.

— Nitaandika, mzee. Lakini siwezi kuandika nzuri tu. Wataniuliza nzuri kiasi gani, na kwa kazi yangu kuna njia moja rahisi. Ukitaka kujua bei ya nyumba, unatafuta nyumba nyingine kama hiyo, unaangalia imeenda kiasi gani. Hata malisho ni hivyo.

Akatoa kalamu, akaifungua, akawatazama wote pale benchini kwa heshima.

— Nionyesheni mahali pengine kama Malka Hirbo. Moja tu. Ng'ombe hawa wakitoka hapo kiangazi, wanaenda wapi?

Lilikuwa swali dogo, na wote walivuta pumzi kulijibu pamoja.

— Ngaremara, alianza Waweru.

— Ngaremara ni kwetu, alisema Lochoro. Mawe. Mbuzi zetu ziko Malka Hirbo sasa hivi.

— Chini ya mto, basi. Merti.

— Merti wako njiani wanakuja huku, alisema Molu. Nimewaona watu wao jana.

— Kule kwa wanyama, karibu na hoteli. Huko mto iko.

— Ukiingiza ng'ombe huko unashikwa, alisema Lochoro. Mimi mwenyewe nilikuwa nashika.

— Juu, upande wa Meru.

— Kumelimwa, alisema Gerishon. Mpaka barabarani. Viazi.

— Kuna ile... alisema Ahmednur, akainua kidole, akabaki nacho hewani. Aliijua nchi hii na nyingine nyingi za redioni. Kidole kilishuka chenyewe.

Kalamu ya Gerishon ilingoja juu ya karatasi. Kila mtu alimtazama Guleid, maana ng'ombe walikuwa wake, naye alikuwa akitembea kichwani mwake, kivuko kwa kivuko, kilima kwa kilima, sehemu zote alizolishia tangu utoto akiwa nyuma ya baba yake. Hii ilifungwa senyenge. Hii ilikauka mwaka wa vita. Hii sasa kuna shule. Aliendelea kutembea hivyo mpaka akarudi Malka Hirbo kwa upande wa pili, bila kupata mahali pa kusimama.

— Hakuna, alisema.

— Hata moja?

— Hakuna, kijana yangu. Hiyo ndiyo imebaki.

Gerishon alifunga kalamu. Alionekana amechoka ghafla, na mdogo kuliko alipofika.

— Basi sina cha kulinganisha, alisema.

— Sasa hiyo ni nzuri kwetu ama ni mbaya? aliuliza Waweru.

Kijana alifikiri, tena kwa uaminifu kabisa.

— Sijui, mzee. Shuleni hawakutufundisha ikiwa imebaki moja.

Akawashukuru kwa kahawa, akampa Guleid mkono kwa mikono yote miwili, akapanda gari. Vumbi lilipotua, benchi lote lilikuwa bado linatazama barabara. Lochoro alianza kusema jambo kuhusu simba, akaliacha. Molu alimwaga masimbi ya kahawa chini.

Guleid alichukua bakora yake na kanzu akaikunja mpaka magotini.

— Unaenda wapi na hii jua? aliuliza Molu.

— Malka Hirbo.

— Sirad amekuita?

— Hapana.

— Kuna ng'ombe mgonjwa?

— Hakuna.

— Sasa unaenda kufanya nini?

Guleid alikuwa ameshashika njia, na hakugeuka.

— Kuiangalia, alisema.